Banda la Kulelea Vifaranga Linalotunza Joto: Mwongozo kwa Mfugaji wa Mwanza

Wafugaji wengi wa Mwanza wakitajiwa baridi huwaza Njombe na Makete. Huku kwetu jua linawaka, watu wanatembea na mashati mepesi mwaka mzima. Lakini kifaranga wa siku moja anahitaji joto la nyuzi 33 hadi 35, na jiji hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni, Julai na Agosti joto la nje hushuka hadi nyuzi 17, na siku nyingine chini ya hapo. Pengo la nyuzi 16 kwa kiumbe chenye gramu 40, kisicho na manyoya ya maana, ni baridi ya kuua.

Wengi wanapambana na pengo hilo kwa mkaa. Jiko moja halitoshi, linaongezwa la pili, mtu anaamka saa nane usiku kuchochea, na asubuhi bado anaokota waliokufa wakiwa wamelundikana kwenye kona. Ushauri wangu ni kuanza na jengo kabla ya jiko. Joto ulilonunua linatoroka kupitia paa, kuta na nyufa. Ukiziba njia hizo wakati wa kujenga unakuwa umelipa mara moja tu. Usipoziba, utalipa kila usiku, kila awamu ya vifaranga.

Banda ninaloeleza hapa linajitegemea, mbali na nyumba, lina ukubwa wa mita 4 kwa 4 na linatosha vifaranga 200 mpaka wiki ya nne.

Hesabu ya kufanya kabla hujanunua tofali

Chukua banda hilo, paa la bati tupu bila dari. Ndani, hewa ya banda kwa jumla ni nyuzi 26, nje ni 17. Bati peke yake halizuii joto, ni chuma chembamba. Kwa eneo la mita za mraba 16 na tofauti ya nyuzi 9, paa pekee linapoteza karibu wati 1,000. Hizo ni taa nne za joto za wati 250 zinazopasha anga. Kwa usiku wa saa 12 ni uniti 12 za umeme wa LUKU, au kilo moja na nusu ya mkaa mzuri, na hapo hujahesabu kuta wala mlango.

Weka dari lenye sentimita 10 za pumba za mpunga zilizokauka. Upotevu ule ule wa paa unashuka hadi wati 65 hivi, yaani chini ya uniti moja kwa usiku mzima.

Siri iko kwenye hewa iliyonaswa katikati ya pumba. Sentimita 10 za pumba zinazuia joto kuliko ukuta wa tofali za kuchoma wenye unene wa mita nzima. Na pumba hizo zinarundikwa nje ya mashine za kukobolea mpunga Magu, Misungwi, Kwimba na Sengerema.

Kama fedha ni ya kuunga, basi fanya dari kwanza, kisha nyufa za mlango, kisha kuta. Sakafu inakuja mwisho, kwa sababu matandiko, yaani maranda yanayotandazwa chini ya vifaranga, yanafanya sehemu ya kazi hiyo.

Kuchagua mahali

Usijenge ufukweni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na walioshuhudia ziwa lilivyopanda mwaka 2020 likaingia kwenye nyumba za watu hawahitaji kukumbushwa. Kama uko ndani ya mji, iwe Nyamagana au Ilemela, pita kwanza kwa mtendaji wa mtaa na idara ya mipango miji uulize kibali cha ujenzi, na kama eneo lako linaruhusiwa ufugaji.

Simama kiwanjani saa moja jioni, kisha rudi alfajiri, ujue upepo unatoka wapi. Mchana upepo hutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Banda la vifaranga linaishi usiku, kwa hiyo mlango usitazame upepo wa usiku. Mgongo wa paa uelekee mashariki na magharibi, ili jua la asubuhi na la jioni lisipige kuta zenye madirisha. Kuku wakubwa wawe mbali, maana magonjwa yao yanafika kwa vifaranga kupitia viatu vyako.

Kuna jambo moja la hapa kwetu Mwanza. Mtu mwenye kiwanja chenye mwamba hutamani kuutumia kama ukuta wa nne, aokoe tofali. Usifanye hivyo. Jiwe lile ni kubwa mno, hutalipasha kwa jiko lako, litakunywa joto usiku kucha. Halafu mvua ikinyesha, maji hushuka kwenye uso wake na kuingia ndani pale linapokutana na tofali, hata upige simenti namna gani. Acha nafasi ya kupita mtu kati ya banda na mwamba, na upande wa juu wa mteremko chimba mtaro unaopeleka maji pembeni.

Msingi na sakafu

Msingi wa mawe, yapo tele. Ndani jaza kifusi, shindilia, tandaza kokoto, kisha laza nailoni nzito kabla ya kumwaga zege la sentimita 7 au 8. Fundi anaweza kukuambia nailoni ni ya nyumba za watu. Mwambie unaitaka. Unyevu wa ardhini ukipanda, matandiko yanalowa, na matandiko yaliyolowa yanapoza miguu ya vifaranga, yanatoa amonia, gesi ya kinyesi inayowasha macho, na yanalea koksidio, vijidudu vinavyowaharisha vifaranga damu. Sakafu iinamie mlangoni kwa sentimita 1 kila mita, ili siku ya kuosha maji yatoke yenyewe.

Kuta

Tofali za kuchoma au bloku, zote zinafaa. Mita 2.2 kwenda juu inatosha. Ukuta mrefu unaongeza hewa ya kupasha ambayo hakuna kifaranga anayeishi ndani yake.

Ukuta wa bloku peke yake unavuja joto sana. Kwenye banda letu kuta zote nne zinaweza kupoteza karibu sawa na paa tupu. Ndani ya ukuta pigilia fremu ya mbao za inchi 2 kwa 2, nafasi ya sentimita 60, funika kwa nailoni, kisha hadibodi iliyopakwa rangi ya mafuta. Acha uwazi juu, mimina pumba mpaka zijae, ugongegonge hadibodi kwa kiganja ili zishuke. Utapata sentimita 5 za kinga pande zote. Anza fremu hiyo sentimita 50 kutoka sakafuni. Chini ya hapo piga lipu ya simenti tu, kwa sababu ndiko maji ya kuoshea, panya na mchwa wanakoanzia. Nguzo na mbao za chini zipake oili chafu kabla hazijafungwa.

Mikeka ya mafunjo ni rahisi kupatikana na inazuia joto vizuri, lakini ndani ya banda siitaki. Utitiri unajificha kwenye nyuzi zake na huwezi kuuosha ukaisha. Ukiwa na mikeka, ining'inize nje ya ukuta upande wa upepo, chini ya upenu.

Kuna pia wanaookota yale maboksi meupe ya kusafirishia minofu ya sangara na kuyapanga ukutani. Yanazuia joto kuzidi hata pumba. Tatizo lake ni moto, kwani yanashika haraka na moshi wake ni mweusi na wenye sumu, na vifaranga wakiyafikia watayadonoa. Kama utayatumia, yafunikwe kabisa kwa hadibodi, na yasiwe kwenye ukuta wa jiko.

Madirisha mawili, kila moja mita 1 kwa nusu mita, yawe juu kwenye kuta zinazotazamana, yenye wavu na pazia la turubai linalofunguka kuanzia juu kushuka. Upepo ukiingia juu unachanganyika na hewa ya joto kabla ya kufika chini. Ukiingia chini, unawapiga vifaranga moja kwa moja.

Paa na dari

Hapa usimwachie fundi peke yake. Bati la geji 28 likiwezekana, 30 ambalo ni jembamba zaidi ukibanwa, upenu wa sentimita 60. Kati ya bati na dari acha nafasi inayopitisha hewa, iliyozibwa kwa wavu mdogo ili ndege na panya wasiingie.

Ukitaka kujua kwa nini dari ni lazima, ingia saa kumi na moja alfajiri kwenye banda la bati tupu lenye vifaranga. Bati limepoa kuliko hewa iliyolizunguka, maana usiku wenye anga safi linatoa joto lake juu bila kizuizi. Pumzi na kinyesi cha vifaranga vimejaza unyevu hewani, unyevu unagusa bati na kugeuka maji. Matone yanapangana kwenye mikunjo ya bati, yanakimbia hadi kwenye papi, zile mbao zinazobeba bati, kisha yanadondoka mstari mmoja juu ya matandiko. Utauona mstari huo mweusi chini, na vifaranga wameukimbia.

Sasa dari. Papi za inchi 2 kwa 2 zipigwe kila sentimita 40, kwa sababu pumba za eneo lote zitakuwa na uzito wa kilo 160 hivi. Chini ya papi pigilia silingi bodi au, kwa bei nafuu zaidi, viroba vilivyoshonwa pamoja na kuvutwa vikakaza kama ngoma. Juu yake tandaza nailoni, ndipo pumba. Mpangilio huo usigeuzwe. Nailoni inakaa upande wa joto, chini ya pumba, ili unyevu wa banda usipande kuzilowesha. Hata nchi za theluji wajenzi hufuata kanuni hiyo hiyo: kizuizi cha unyevu ndani, kinga ya joto nyuma yake. Pumba zikilowa zinapitisha joto, na zinaoza.

Vipande vya nailoni vilaliane sentimita 20, na maungio yaangukie juu ya papi, si katikati. Kingo zipandishwe ukutani kidogo na kubanwa kwa ubao. Kabla ya kumimina, weka ubao uliosimama pembeni mwa upenu, vinginevyo upepo wa kwanza utapeperusha pumba zote kwenda kwa jirani. Kata kijiti cha sentimita 10, kiwe kipimo chako. Mimina, sawazisha kwa ubao, chomeka kijiti hapa na pale, hasa kwenye pembe ambako mafundi huchoka. Magunia 15 makubwa yatatosha na kubaki kidogo, na kinachobaki kihifadhi, kwa kuwa pumba hushuka baada ya miezi michache.

Fundi mmoja wa Buswelu alipoambiwa habari hizi alisema, "Bosi, ukiweka pumba darini panya wote watahamia hapa." Ana hoja, kwa sababu panya wanafuata chenga na punje zilizobaki. Basi pepeta pumba kabla ya kuzipandisha, zianike juani siku nzima, changanya chokaa kidogo, na hakikisha wavu wa upenuni hauna tundu la kidole gumba.

Nyaya za umeme zisizikwe kwenye pumba. Pumba haziwaki kwa haraka kama majani makavu, lakini zinaungua polepole bila moto kuonekana, na ukigundua umechelewa. Pitisha nyaya ndani ya bomba lake, chini ya dari, na fundi umeme awe na leseni.

Kuna faida nyingine ambayo wengi hawaitarajii. Saa saba mchana, bati likiwa halishikiki kwa mkono, dari hilo hilo linazuia joto kushuka, na vifaranga wa wiki ya tatu hawahemi kwa midomo wazi.

Hewa

Watu wakishaelewa kuziba, huziba mno. Chini, ambako vifaranga wanakaa, pasiwe na upenyo, na mlango ukae vizuri kwenye fremu, na kipande cha mpira wa tairi kipigiliwe chini yake. Juu, chini kidogo ya dari, acha mwanya wa sentimita 5 wenye urefu wa mita 2 kwenye kuta mbili zinazotazamana, wenye wavu na ubao wa kusogeza. Mwanya huo usifungwe wote hata usiku wa baridi sana. Joto kidogo litapotea, na ni gharama inayostahili.

Kabla ya kuleta vifaranga, fanya jaribio. Funga kila kitu, washa udi, pita nao polepole kando ya mlango, kwenye pembe za sakafu na chini ya madirisha. Moshi ukivutwa pembeni, hapo pana ufa. Jaza lipu au udongo.

Vifaranga wakishaingia, chuchumaa mpaka pua yako iwe usawa wao, ukae dakika mbili. Macho yakikuwasha, amonia imezidi: ongeza hewa na ubadilishe matandiko yaliyolowa. Ukiwa umesimama hutasikia kitu.

Na mkaa. Mkaa unaoungua ndani unatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Kusubiri moshi uishe hakutoshi, kwa sababu hata kaa jekundu lisilo na moshi linaitoa. Vifaranga wanakufa nayo, na binadamu pia. Usilale ndani ya banda lenye jiko, wala usimtume kijana akalale humo kulinda. Kichwa kikiuma ukiwa ndani, toka nje mara moja, fungua mlango, toa jiko.

Chanzo cha joto

Kama umeme wako hauna matatizo, taa mbili za joto za wati 250 zinatosha vifaranga 200 kwenye banda lililozibwa hivi. Zining'inie kwa mnyororo, sio kwa waya wake wa umeme, sentimita 45 juu ya matandiko, na ziwe na wavu wa kuzizuia zikianguka. Jitayarishie chungu cha mkaa kwa usiku wa kukatika umeme, ukifungua mwanya wa hewa zaidi kwa saa hizo.

Kama umeme si wa kutegemea, jenga jiko la nje. Nafsi yangu inalipenda kuliko yote, kwa sababu moto na moshi vinabaki nje na joto linaingia. Jenga kisanduku cha tofali kilichoegemea ukuta, chenye mlango wa bati. Kutoka hapo pitisha bomba la chuma la inchi 4, lisilopakwa zinki, liingie bandani, lifuate ukuta wa nyuma kwa urefu wa nusu mita kutoka sakafuni likipanda sentimita 2 au 3 kila mita, kisha litoke ukuta wa pili na kupanda juu ya paa kwa mita moja. Likilala bapa au kushuka, moshi utarudi nyuma. Maungio yakandikwe kwa udongo wa kichuguu uliochanganywa na majivu, na yakaguliwe kila awamu. Pale bomba linapopita ukutani, ondoa mbao, hadibodi na pumba kwa sentimita 30 kuzunguka, ubaki na tofali tupu. Mbele ya bomba funga wavu ili vifaranga wasiliguse. Magome, vigunzi vya mahindi na vipande vya mbao vyote vinatumika humo, hivyo huhitaji mkaa.

Kupokea vifaranga

Tandaza maranda makavu sentimita 10. Zungushia hadibodi yenye kimo cha sentimita 45, duara la kipenyo cha mita 2.5, lisilo na kona ya kulundikana. Washa joto saa 24 kabla hawajafika, ili sakafu na kuta vipate moto, si hewa peke yake. Kipimajoto king'inie sentimita 5 juu ya maranda, ukingoni mwa duara. Kilichotundikwa ukutani usawa wa macho yako kitakudanganya.

Wiki ya kwanza nyuzi 33 hadi 35, ya pili 30, ya tatu 27, ya nne 24. Soma kipimo alfajiri, saa kumi na moja, kabla jua halijachomoza, kwa kuwa hiyo ni miongoni mwa saa za baridi kuliko zote. Halafu waangalie wenyewe. Wakijikusanya chini ya taa na kulia kwa sauti kali, ongeza joto. Wakikimbilia ukingoni na kuhema, punguza. Wote wakiwa upande mmoja, upepo unaingia upande wa pili, nenda na udi wako tena. Waliotawanyika, wengine wanakula, wengine wamelala wamenyoosha shingo, hao waache.

Tanua duara kuanzia siku ya nne, na mwishoni mwa wiki ya pili liondoe. Wakishazoea nyuzi 21 bila kujikunyata, zima joto la mchana kwanza, kisha la usiku.

Ukiishi karibu na ziwa, tumia wavu wa mbu juu ya wavu wa kawaida madirishani. Yale mawingu ya wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani hufuata taa, na usiku mmoja tu yanatosha kujaza maji ya kunywa. Majivu yamwagwe kuzunguka msingi kwa ajili ya siafu.

Vifaranga wakihamia banda kubwa, toa matandiko yote, osha, paka chokaa, acha banda wazi na kavu kwa siku 14. Katika siku hizo panda darini, ingiza mkono kwenye pumba mpaka uguse nailoni. Zikiwa kavu na zimeshuka, jaza mpaka kijiti chako cha sentimita 10 kifunikwe. Zikiwa na unyevu, tafuta tundu la nailoni chini yake au msumari uliolegea kwenye bati juu yake, uzibe kabla hujaagiza vifaranga wengine.